Milango Iliyotangulia Nyumba

Mji wetu uko juu mlimani, na ukungu wake ni mzito kiasi kwamba mtu akikuambia alikuona sokoni jana, mwulize kwanza kama ana hakika. Huenda alimwona mbuzi. Mbuzi wa kwetu huvaa makoti kwa sababu ya baridi, na makoti hayo nayashona mimi, kwa hiyo najua ninachosema. Mimi ni fundi cherehani. Mbuzi ni wateja wazuri kuliko binadamu, kwa sababu hawabishani kuhusu kola.

Watu wa miji mingine hujisifu kwamba mji wao ulianzishwa na shujaa, au mfalme, au angalau mwizi mashuhuri. Wa kwetu ulianzishwa na lori bovu. Lori hilo lilikuwa limebeba milango mipya ya ofisi kubwa ya serikali iliyokuwa ikijengwa ng'ambo ya mlima, na juu ya milango walikaa babu na bibi zetu waliopewa lifti, kila mmoja na safari yake. Katikati ya kilima injini ikakohoa, ikanyamaza. Dereva akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akawaambia abiria, "Dakika tano tu," akashuka kwenda kutafuta spea. Hajarudi mpaka leo. Sisi hatusemi alitukimbia. Tunasema yuko njiani.

Baridi ilipozidi, abiria waliishusha milango wakaiegemeza miwili miwili, wakajikinga upepo. Kesho yake ukungu haukuinuka, wala kesho kutwa. Mtu mmoja akapanda viazi ili kupitisha muda, navyo vikaota, na hakuna mtu mwenye akili zake anayepanda viazi akaondoka kabla ya kuvila. Kidogo kidogo wakajenga kuta nyuma ya milango, na juu ya kuta wakaezeka paa. Kwingine watu hujenga nyumba, halafu ndipo hutafuta mlango. Kwetu mlango ulitangulia.

Sasa, babu zetu hawakujua kusoma. Walichagua milango kwa macho: huyu alipenda rangi, yule alipenda unene, mwingine alipenda kitasa. Maandishi yaliyopakwa juu yake waliyaona kuwa ni mapambo. Miaka ikapita ndipo akaja mwalimu wa kwanza, mtu mpole mwenye miwani. Alipita barabarani akisoma milango kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na watu wakamfuata kwa shangwe, kila mtu akitaka kujua nyumba yake inasema nini. MAHAKAMA. STOO. DAKTARI. HAIRUHUSIWI KUINGIA. Shangwe ikaanza kupungua. Mwisho wakafika kwa mzee mmoja ambaye, siku ile ya kugawana, aliwapiga wenzake vikumbo mpaka akapata mlango mnene kuliko yote, wa mbao nyekundu, uliong'aa kwa vanishi. Mwalimu alisoma kimoyomoyo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Choo," akasema. "Wanaume."

Wanaosimulia husema hata kuku walinyamaza. Yule mzee aliutazama mlango wake, akawatazama majirani waliokuwa wakiuma midomo wasicheke, akasema, "Haya. Nipeni jembe." Akaenda uani akaanza kuchimba.

Tabia ya mji wetu ilianzia pale. Kama huyu alikubali kuishi na mlango wake, nani angekataa wa kwake? Ukoo wa Daktari haujawahi kutoa hata muuguzi, lakini ukiwaamkia tu wanakuambia utoe ulimi. Watu wa Stoo hutunza vitu vya watu. Ukipotelewa na jembe nenda kwao, na usiulize limefikaje. Watu wa Hairuhusiwi Kuingia ni wakarimu ajabu, wanakupa chai na mkate wa moto, ila unakula ukiwa nje. Mvua ikinyesha wanakushikia mwavuli. Bibi Mahakama, ambaye kazi yake ni kuuza mkaa, huamua kesi zetu zote akiwa ameketi kizingitini anafuma soksi. Akifika kwenye kisigino, kesi imekwisha.

Na mlango haubadilishwi. Watu wa Stoo waliwahi kupiga randa mlango wao wakaandika IKULU, na wiki haikuisha paa lao likapeperuka mpaka shamba la kabichi. Mimi nasema upepo wa huku huezua hata paa za wacha Mungu, lakini nani ananisikiliza? Walirudisha STOO yao kimya kimya, wakapiga misumari kwenye paa.

Sisi mlango wetu ni SUBIRI HAPA. Babu aliupenda kwa ajili ya kitasa chake cha shaba.

Baba yangu ni fundi saa, na hakuna mtu duniani aliyefanana na mlango wake kama yeye. Mteja akileta saa, Baba anamwonyesha benchi lililo nje, chini ya maandishi, naye anakaa. Wapo waliokaa wakiwa na ndevu nyeusi. Ndani, saa za ukutani zimejaa, kila moja na saa yake, na Baba huketi katikati akiwa na kioo jichoni, akirudia methali yake moja: "Subira yavuta heri." Nilipokuwa mdogo niliiamini. Nilipokua nikaanza kuuliza hiyo heri inavutwa kwa kamba gani, mbona haifiki.

Mama alifariki nikiwa bado sijafika kwenye pedali ya cherehani. Tukabaki wawili, mimi na Baba.

Halafu akaja Breki. Breki ni fundi baiskeli. Katika mji wa mteremko kama wetu, baiskeli hushuka tu, kupanda unaibeba, kwa hiyo fundi anayejua kufunga breki anaheshimiwa kuliko mchungaji. Ana mikono mikubwa na cheko la ghafla, na aliponiletea suruali nimshonee kiraka, nilishona kiraka kizuri kuliko suruali yenyewe. Tulipendana, na sioni haya kusema. Tatizo lilikuwa moja. Breki ni mjukuu wa yule mzee wa jembe.

Kwa adabu mji mzima unawaita "watu wa Msalani". Lakini Baba, siku mjomba wake Breki alipokuja kuleta posa, alisahau adabu.

"Binti yangu," alisema, "haolewi chooni."

"Mzee, ni mlango tu," mjomba akasema.

"Hata wangu ni mlango tu. Kaa hapo benchi, nitafikiria."

Mjomba alikaa mpaka akapata kikohozi, ikabidi apelekwe kwa Daktari akatoe ulimi. Tangu hapo Breki akawa anakuja mwenyewe kila Jumapili. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Subiri hapo." Anakaa benchini, mimi nampitishia chai dirishani, jua likizama anaaga. Huo ulikuwa mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeshona gauni la harusi, nikalifumua kufuata mtindo mpya, nikalishona tena, na mtindo nao ukawa umepitwa. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba nitazeekea dirishani nikipitisha vikombe.

Mambo yalikuwa hivyo hadi siku ilipokuja pikapu ya serikali.

Alishuka bwana mmoja mnadhifu, ameshika mkoba kwapani na bisibisi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza pale sokoni kwamba ile ofisi ng'ambo ya mlima, iliyoanza kujengwa enzi za babu zetu, sasa imekamilika, imebaki milango tu. Mpaka leo wanatumia mapazia, na mkubwa wake amechoka kuchunguliwa. "Milango ile ni mali ya ofisi," alisema. "Nimetumwa kuifungua niende nayo."

Watu wakatazamana. Lakini mgeni ni mgeni, tukamwacha aanze kazi.

Alianza kwa Hairuhusiwi Kuingia. Hakuingia. Walimpa chai nje, vikombe viwili, maana baridi ilikuwa kali. Akaenda kwa Daktari, wakamtazama ulimi, wakasema una ukame, wakamnywesha vikombe vitatu. Kwa Stoo alipewa chai, na alipotoka hakuwa na bisibisi. Ndipo akaja kwetu.

"Naomba kufungua mlango huu, mzee," akasema.

"Subiri hapo," Baba akajibu bila kuinua kichwa.

Akakaa benchini, pembeni ya Breki, kwani ilikuwa Jumapili. Nikampa chai kupitia dirishani. Walikaa wale wanaume wawili wakitazama ukungu, na baada ya muda nikamwona yule bwana akikunja mguu mmoja juu ya mwingine, halafu akabadilisha, halafu akaanza kutikisa goti.

"Ndugu," akamnong'oneza Breki, "umekaa hapa tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Yule bwana akasimama ghafla. "Mimi siwezi," akasema, akaondoka mbio akiwa amebana magoti, akapotea kwenye ukungu.

Fikiria hali yake. Chai ya mji mzima iko tumboni, haoni mbele wala nyuma, kila nyumba inamwambia asubiri au asiingie. Mara ukungu unapasuka kidogo, na mbele yake anaona mbao nyekundu, vanishi inang'aa, na maneno mawili ambayo siku hiyo yalimpendeza kuliko jina lake mwenyewe. Aliusukuma mlango kwa bega.

Akajikuta sebuleni kwa watu. Mama mzazi wa Breki alikuwa ameketi akimenya viazi. Mama Msalani huyo hata hakushtuka. Wageni wa namna ile amewazoea. Alionyesha kwa kisu. "Nyoosha moja kwa moja mpaka uani, mwanangu. Maji yako kwenye ndoo ya kijani."

Sasa niwaambie kuhusu choo hicho. Ukoo ule, tangu babu yao aliposhika jembe, umefanya kazi ya mlango wao kwa moyo wote. Kila kizazi kiliongeza kitu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, sakafu inang'aa, ndani kumetundikwa maua makavu, na ukutani kuna dirisha dogo la kioo. Mahali pale ndipo mlima unapokatika, kwa hiyo ukiketi pale unaona bonde lote, mto, na mashamba ya njegere mpaka mwisho wa dunia. Ni mahali pekee mjini ambapo ukungu haufiki. Yule bwana alikaa humo kwa muda mrefu sana, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," alisema, "sisi kule ofisini tunatumia kichaka."

Jioni kabla ya giza kesi ikasikilizwa sokoni. Bibi Mahakama, ambaye nyumba yake inatazama soko, aliketi kizingitini na soksi yake, sote tukasimama kumzunguka. Yule bwana akarudia, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba milango ni mali ya ofisi.

"Ni kweli," Bibi akasema. "Haikuwa yetu. Ichukue."

Watu wakaguna.

"Lakini milango hii ina watu wake," akaendelea, huku sindano zikigongana. "Anayechukua mlango huchukua na wenyewe. Pakieni."

Hakuhitaji kurudia. Bibi wa Stoo alikuwa wa kwanza kupanda pikapu, na godoro, na kuku, na bisibisi ya mtu. Watu wa Daktari wakaleta chupa zao. Mzee wa Hairuhusiwi Kuingia akamuuliza bwana kwa heshima kama kule ofisini kuna chumba ambacho mtu hatawasumbua. Mbuzi nao wakapanda na makoti yao. Springi za pikapu zikalia.

"Jamani, ngojeni!" yule bwana akapiga kelele. "Shukeni! Bibi, nakuomba. Nipeni hata mmoja tu, nimwonyeshe mkubwa wangu. Nitasema mingine imeliwa na mchwa."

"Huku hakuna mchwa, ni baridi," mtu mmoja akasema.

"Mkubwa wangu hajui!"

Bibi Mahakama akaitazama soksi. Alikuwa amefika kwenye kisigino. "Mmoja," akasema. "Nani anatoa wake?"

Halafu, nasema bila kuficha, macho yote yakaelekea kwa watu wa Msalani. Na aliyefungua kinywa ni baba yangu.

"Tutoe ule," akasema. "Hata wenyewe watashukuru. Wataondokewa na aibu."

Nilimtazama Breki, naye akanitazama, na wote wawili tulikuwa tukiwaza jambo moja: mlango ukienda, kisingizio kimekwenda nao. Jumapili ijayo hakuna benchi.

Mama Msalani akajitokeza mbele, kisu cha viazi bado mkononi.

"Aibu gani?" akauliza. "Baba mkwe wangu aliposomewa alichochagua hakulia, wala hakupiga randa akaandika Ikulu." Watu wa Stoo wakatazama chini. "Alichimba. Na mimi nimefagia pale tangu nilipokuja nikiwa bibi harusi. Muulizeni mgeni wenu, leo angekuwa wapi bila mlango wangu?"

Mgeni wetu akatazama viatu vyake. "Pabaya," akakiri.

"Mlango wangu hauendi."

Sote tukamgeukia Breki, maana neno lake moja lingeweza kumlegeza mama yake. Nilijua anachotaka, kwa kuwa nami nilikitaka hichohicho.

"Mama amesema kweli," Breki akasema. "Mlango unabaki." Halafu akanigeukia, akatabasamu kwa huzuni. "Mimi nitaendelea kusubiri."

Sijui ni nini kilinipanda kichwani. Ni hilo neno. Nimelala chini ya hilo neno, nimekula chini yake, nimefiwa na mama chini yake, na sasa hata mwanamume niliyempenda anataka kunituliza kwa hilo hilo. Nilimpokonya bibi wa Stoo ile bisibisi, nikapandisha kilima kwenda nyumbani.

Skrubu za babu zilikuwa na kutu, lakini hasira ni mafuta mazuri. Ya mwisho ilipochomoka, mlango ulisita kidogo, kisha ukaanguka wote mzima juu ya benchi, na benchi likavunjika miguu yote. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa watu wenye adabu.

Baba alifika akitweta, anakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.

"Unafanya nini, wewe?"

"Natoa mlango, Baba. Bibi ameuliza nani anatoa."

"Wa babu yako huo!"

"Babu alipenda kitasa." Nilikuwa nimeshakifungua. Nikamwekea kiganjani. "Hiki hapa."

Watu walishafika. Breki na yule bwana wakaubeba mlango wakaulaza kwenye pikapu, na yule bwana akayapapasa maandishi yake. "Huu," akasema, "utatufaa sana kule." Akaaga, akashuka mlima polepole, mlango ukitazama juu: SUBIRI HAPA.

Watu wakatawanyika. Baba akaingia ndani akaketi kwenye kiti chake, na upepo ukaingia nyuma yake, na ukungu nao, ukatanda juu ya saa zote. Alikuwa ameshika kitasa kwa mikono miwili. Nje Breki alisimama mbele ya lile tundu, hana pa kukaa wala pa kugonga. Akapiga hodi hewani.

"Hodi, mzee."

"Subi..." Baba akaanza, akanyoosha kidole kuonyesha, kidole kikakosa cha kuonyesha. Kikarudi taratibu.

Niliketi karibu naye. "Baba, kwani choo kina nini?"

Saa moja ya ukutani ikagonga sita, nyingine ikagonga mbili.

"Haikuwa choo, mwanangu," akasema. "Nilidhani nikimwekaweka, atachoka."

"Na angechoka?"

"Ungebaki."

Hasira yote niliyopanda nayo kilima ilinitoka, nikaweka kichwa begani kwake kama nilivyokuwa nikifanya zamani, kabla miguu haijafika kwenye pedali. Alinuka mafuta ya saa. Nilikuwa nimemwona kuwa jeuri kwa miaka mitatu, kumbe alikuwa mtu anayeogopa kubaki peke yake na saa nyingi.

"Kwa Msalani si mbali, Baba," nikamwambia. "Ni nyumba ya tano kutoka hapa. Tutakula pamoja kila jioni. Na huyo hapo nje atakufungia mlango mpya, tuuache mtupu, bila maandishi."

Baba akamtazama Breki aliyesimama kwenye tundu, mabega yake yakikinga upepo wote.

"Ingia basi," akasema. "Wewe ni mkwe au ni pazia?"

Breki akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na hakujua akae wapi, maana nyumba yetu haijawahi kuwa na kiti cha mgeni. Akachutama. Baba akamtazama akiwa amechutama vile, akakohoa, akazungusha kitasa mkononi.

"Nimesikia," akasema, "kwamba hicho choo chenu kina dirisha."

Kesho yake asubuhi alikwenda kujionea mwenyewe. Alikaa humo ndani mpaka chai ikapoa, na sisi sote, mimi, Breki, Mama Msalani na mjomba mwenye kikohozi, tukasimama uani tukimsubiri.